Mume wangu anaombea theluji iangukie nyumba ya mwanetu

Asalaam aleikum, Bi Mshauri.

Mimi ni mama wa nyumbani, nakaa Chumbageni hapa Tanga. Nakuletea jambo ambalo kila nikimsimulia mtu ananicheka, kwa hiyo na wewe nakuomba ucheke ukishamaliza kusoma.

Mzee wangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge njia ya Muheza. Moja ya kazi zake ilikuwa kusoma kipima mvua kila siku saa tatu kamili asubuhi na kuandika daftarini. Alipostaafu, kazi aliiacha huko huko, lakini tabia ya kupima alihama nayo. Akanunua kipima mvua chake, akakisimika katikati ya ua wetu, na tangu hapo hata kuku wanapita pembeni. Hilo nililizoea. Masika majirani humpitia wakielekea sokoni, wanamuuliza, "Mzee, jana imepiga ngapi?" naye siku yake inakuwa njema.

Taabu ilikuja kijana wetu mkubwa alipokwenda Marekani. Ni muuguzi, anaishi mji wa Buffalo na mkewe. Mwaka wa kwanza alitutumia picha ya gari lake limefunikwa na theluji mpaka juu ya paa, ukiona kioo cha pembeni tu kimechungulia. Basi, tangu picha ile mzee naye amehamia Buffalo, mwili tu ndio umebaki Chumbageni. Anayajua maziwa yao makubwa kwa majina na upepo wao unavuma kutoka wapi. Alimwagiza kijana apake ubao rangi nyeupe, auweke uani kwake, apime theluji kwa rula. Mwanzo kijana alifurahia, wakawa wanatumiana namba.

Sasa hali imegeuka. Mzee akimaliza kusoma mvua yake saa tatu asubuhi, anashika simu hapo hapo. Kule ni saa saba usiku! Kijana ama yuko zamu, ama ndiyo kwanza kapata usingizi, na ndani kuna mtoto mchanga. Mzee hana salamu ndefu, swali ni moja: "Imeanguka ngapi?" Akiambiwa kidogo, ananuna mpaka adhuhuri. Dhoruba ikija anataka kijana atoke kila saa, apime, afute ubao, apime tena, kisha ajumlishe. Kijana akikataa, mzee anasema anaidhulumu theluji.

Kilichoniliza ni hiki. Mwezi wa kwanza huko kwao ilitolewa tahadhari ya dhoruba. Mzee akaandika kwenye kundi letu la familia: "Yaa Rabi, izidi. Msimu huu bado tuko chini ya wastani." Mkwe wangu ni mtoto wa Pangani, mpole, hajawahi kunijibu vibaya hata siku moja. Siku hiyo aliandika: "Baba, ombea uani kwako. Huku anayeshika beleshi ni mwanao." Akajitoa kwenye kundi. Hadi leo akinipigia ananisalimia mimi, baba yake mkwe hamuulizii.

Mzee anasema hakumkosea mtu. Kuomba mvua ni sunna, na theluji ni mvua iliyoganda tu. Dada yangu yeye anasema huo ni upweke: mzee anamkumbuka mwanawe na theluji ni kisingizio. Mimi sijui. Najua tu kwamba sasa ameanza maneno ya kuuza minazi yake ya Tongoni apate nauli, akaione mwenyewe mwezi wa pili.

Halafu kuna hili dogo. Amenikataza kuanika nguo uani, eti nitamharibia kipimo. Nimechoka kuanika khanga sebuleni kama mpangaji.

Nifanyeje?

Mama wa Chumbageni

MSHAURI ANAJIBU

Waaleikum salaam, dada yangu. Nimecheka, ila nilisubiri mpaka mwisho kama ulivyoniomba.

Nianze na dada yako. Simkubalii. Sisi tukimwona mwanamume mzima ameshikwa na kitu, haraka tunatafuta huzuni iliyojificha nyuma yake. Mumeo alikuwa anapima mvua wakati mwanawe yuko shule ya msingi, anarudi nyumbani kila mchana. Mtu anaweza kuipenda theluji kwa sababu ya theluji yenyewe. Kama ungekuwa upweke, angepiga simu kuuliza habari za mjukuu, na kwa maelezo yako hata salamu anazikata. Kwa hiyo usijaribu kumtibu upweke. Tushughulike na theluji.

Na ili uweze kuzungumza naye, lazima nawe ujue kidogo anachokifuatilia, maana ukimwambia "achana na mambo ya barafu" utakuwa umeshindwa kabla hujaanza. Buffalo iko ncha ya mashariki ya Ziwa Erie. Mwanzo wa majira ya baridi maji ya ziwa bado yana joto la kiangazi, na hewa kali ya baridi inapita juu yake. Hewa ile inabeba mvuke na joto la ziwa, mawingu yanapanda, na ikifika nchi kavu inamwaga theluji. Mumeo amekaa maisha yake yote chini ya Usambara, ameona hewa ya bahari inavyopanda mlima na Amani inavyonyeshewa kuliko Tanga mjini. Si ajabu ziwa lile limemteka.

Kuna jambo jingine linalomfanya asilale. Theluji ya ziwa huja kwa mkanda mwembamba. Novemba 2014 vitongoji vya kusini mwa Buffalo vilifunikwa kwa zaidi ya mita moja na nusu, na upande wa kaskazini wa mji huo huo watu walipata kiasi cha vidole vichache. Novemba 2022 Orchard Park, jirani kabisa na mji, ilipata karibu mita 2 kwa dhoruba moja. Kwa hiyo mpimaji wa uani kila mara anajiuliza, je, mkanda utanipitia mimi au jirani? Mzee anaishi na swali hilo akiwa umbali wa bahari na bara zima, na mwenye jibu ni mwanawe peke yake.

Hapo ndipo kosa lilipo, na ni rahisi kuliondoa. Kijana asiwe karani wake. Marekani kuna kundi la wapimaji wa kujitolea linaloitwa CoCoRaHS. Lilianza Colorado mwaka 1998, baada ya mafuriko ya Julai 1997 katika mji wa Fort Collins, ilipoonekana kwamba mvua kubwa inaweza kuangukia mtaa mmoja na vituo vya serikali visiione. Ni watu kama mumeo hasa: wastaafu, walimu, wakulima, kila mmoja na kipima mvua na ubao wake wa theluji uani. Vipimo vyao viko kwenye ramani iliyo wazi kwa kila mtu. Wengi wao husoma saa moja asubuhi, ambayo kwetu wakati wa baridi yao ni saa tisa alasiri. Mzee akitoka kuswali alasiri, afungue simu, atakuta namba za vitongoji vyote vya Buffalo, hata vya mtaa wa pili kutoka kwa mwanawe. Uwanja wa ndege wa Buffalo nao una kipimo rasmi kila siku. Mwombe kijana au mjukuu wa jirani amfungulie mara moja na kumwonyesha. Saa saba usiku ya kule irudi kuwa saa ya kulala.

Ugomvi wa kupima kila saa pia una hukumu yake, na hukumu haiko upande wa mzee. Theluji ikitua huanza kujilaza na kushikana. Ukipima kila saa, ukafuta ubao na kujumlisha, unapata urefu ambao haukuwepo kamwe mlangoni kwa mtu. Ndiyo maana kanuni ya wapimaji wa Marekani ni kutofuta ubao zaidi ya mara nne kwa siku, yaani kila baada ya saa sita. Mumeo alikuwa karani, anaheshimu utaratibu. Mwambie kwa sauti ya kawaida tu, bila kumcheka, kwamba jumla ya kila saa isingepokelewa huko kwao. Anayeidhulumu theluji hapo ni yeye, tena anaidhulumu kwa kuiongeza. Mpimaji anayetamani namba kubwa ndiye wa kuangaliwa zaidi kuliko mvivu, kwa sababu mvivu huacha pengo unaloliona, naye mwenye tamaa huacha namba inayoonekana nzuri.

Sasa nije kwa mkwe wako, maana hapa sicheki.

Mzee anasema theluji ni mvua iliyoganda. Kwanza si hivyo: chembe za theluji hukua ndani ya wingu kutokana na mvuke unaogeuka barafu moja kwa moja, bila kuwa tone la maji kwanza. Lakini hata tukimwachia hilo, mvua ikinyesha Chumbageni inashika mfereji inakwenda baharini. Theluji inabaki mlangoni mpaka mtu aiondoe. Mpe hesabu, maana ni mtu wa hesabu. Theluji mpya, kwa makadirio ya kawaida, sentimita 10 zake zikiyeyuka zinatoa sentimita 1 ya maji, kwa hiyo mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 100 hivi. Chukua njia ya gari yenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 10. Ikiangukiwa na nusu mita, hizo ni kilo 1,500. Mifuko 30 ya saruji, kijana anaihamisha kwa beleshi kabla ya kwenda zamu, na plau ya barabarani, yaani gari la kusukuma theluji, ikipita inamrundikia nyingine mdomoni mwa njia. Mwache mzee aipige hesabu hiyo mwenyewe kwenye daftari lake. Usimpigie.

Kuna zaidi ya uzito. Desemba 2022, siku za Krismasi, dhoruba ilipiga Buffalo na viunga vyake na zaidi ya watu 40 wakafa. Wengine walikutwa kwenye magari yao, wengine nje barabarani, wengine walihitaji gari la wagonjwa na gari halikuweza kufika. Sijui mkwe wako alikuwa ameshafika huko wakati huo, lakini anaishi na watu waliokuwepo. Mama mwenye mtoto mchanga, mumewe ni muuguzi ambaye hawezi kusema leo siendi, anasoma "izidi" kutoka kwa baba mkwe. Mimi naona alijibu kwa adabu kuliko ambavyo wengi wetu tungejibu.

Kwa hiyo mzee ampigie. Yeye mwenyewe, si wewe kwa niaba yake, na si kundini ambako mashemeji na mawifi wote watasoma. Apige mchana wa kule. Asianze na maelezo kuhusu sunna. Aseme, "Mwanangu, nilisema neno likakuumiza, unisamehe," kisha aulize mtoto anaendeleaje na asikilize jibu lote. Neno theluji lisitajwe siku hiyo hata kama nje kwao kunamwagika. Akiombwa namba na kijana mwenyewe, siku nyingine, hilo ni lao wawili. Na usimshurutishe mkwe kurudi kundini. Atarudi akitaka, na asiporudi, makundi ya familia yana kelele kiasi kwamba huenda amepumzika.

Kuhusu dua, mimi si shekhe, imamu wa msikiti wenu atamfafanulia vizuri. Ila mumeo akitaka sunna aichukue yote. Hadithi inayojulikana ni ya mtu aliyemjia Mtume wakati wa hotuba ya Ijumaa kumwomba awaombee mvua. Ikanyesha wiki nzima. Ijumaa iliyofuata akaja mtu kulalamika kwamba mali zinaangamia na njia zimekatika, na dua iliyoombwa ilikuwa: Ewe Mola, pembezoni mwetu, wala si juu yetu, kwenye vilima na mabonde na panapoota miti. Buffalo ina vilima upande wa kusini, na huko kuna viwanja vya kuteleza kwa skii ambavyo vinaishi kwa theluji. Wenye viwanja hivyo wataitikia amina. Aombee vilima.

Au, kama anataka kutamani theluji bila kumlemea mtu, kuna pahali pa karibu zaidi. Kibo! Kati ya mwaka 1912 na 2007 kilele cha Kilimanjaro kilipoteza kama asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu, na sababu moja wanayoieleza wataalamu ni uchache wa theluji mpya. Theluji mpya ni nyeupe, inaakisi jua. Ikikosekana, jua linakula barafu kuukuu iliyo chini. Na theluji ya Kibo huanguka zaidi misimu ile ile ya masika na vuli ambayo mzee anaikesha uani kwake. Wingu lililomwachia milimita chache Chumbageni siku hiyo lina ndugu zake kule juu mita 5,895. Hakuna njia ya gari ya kusafisha huko, ingawa wapagazi watakuwa na la kusema.

California nako wanaingojea theluji kwa haki, maana ndiyo tangi lao: inakaa milima ya Sierra Nevada mpaka kiangazi, ikiyeyuka inatoa karibu asilimia 30 ya maji ya jimbo. Aprili 2015 ilipimwa ikawa asilimia 5 tu ya wastani. Aprili 2023 ikapita mara mbili ya wastani. Mzee wa namba atapata pa kuishi humo muda mrefu.

Na "chini ya wastani" asiishike kama deni. Buffalo hupata karibu mita 2.4 kwa msimu kwa wastani, lakini wastani huo umetengenezwa na misimu kama ule wa 1976 hadi 1977, uliopita mita 5, pamoja na misimu mikavu kabisa. Msimu haudaiwi na mtu. Akizigawa mita 2.4 kwa kumi anapata milimita 240 za maji, kiasi ambacho Tanga inaweza kukipata kwa mwezi mmoja wa masika mazuri. Mwambie hilo siku akinuna, huenda akaona uani kwake hakukosi kitu.

Minazi isiuzwe. Hili sina haja ya kulizungusha. Hata visa hajaomba, na theluji haina tiketi. Tena mwezi wa pili anaoutaka ndio wa kubahatisha zaidi: Erie ni ziwa la kina kifupi kuliko maziwa yao makubwa yote matano, kwa hiyo huganda upesi, na likishaganda mvuke unakatika na theluji ya ziwa inapungua. Mwaka 1977 lilikuwa limeganda tangu Desemba, na dhoruba kubwa ya Januari iliyofukia mji ilibeba kwa upepo theluji iliyokuwa imelala juu ya barafu ya ziwa. Mpya iliyoanguka ilikuwa kidogo. Kama mwanawe siku moja atamwalika na kumlipia, waangalie Novemba mwishoni au Desemba. Lakini mwaliko utoke kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba kule ni mkwe wako.

Limebaki la khanga. Kwenye kanuni mzee ana haki: kizuizi chochote kikae mbali na kipima mvua angalau mara mbili ya kimo chake, na nguo mbichi ni mbaya zaidi kwa sababu inadondosha. Kama kipima mvua chenu kina mdomo wa inchi 5, mililita 13 za matone zinatosha kumwandikia milimita 1 ya mvua ambayo haikunyesha. Chukueni futi kamba. Kamba ya nguo ikiwa juu mita 2, ikae mita 4 au zaidi kutoka kwenye chombo. Ua ukitosha, hamishia kamba upande wa jikoni. Usipotosha, kinachohama ni kipima mvua, kwa sababu khanga zilikuwepo uani hapo kabla yeye hajastaafu.